Hiyo "Sainasi Tu" Yako Itakuja Kukunyima Pumzi

Wasee, leo hakuna utani. Leo tunaongea kuhusu pua.

Najua pua si mada ya kukufanya uache ile klipu ya densi ulikuwa unaangalia. Lakini hebu hesabu watu wako. Kila kikundi cha marafiki Nairobi hii kina yule mmoja. Yule anapiga chafya kumi mfululizo akiamka. Anatembea na tishu mfukoni Januari hadi Disemba. Anakoroma kama tingatinga. Anasugua pua na kiganja mpaka pua imejiwekea kamstari juu. Ukimuuliza ana nini, jibu ni lile lile: "Ah, ni sainasi tu."

Mimi ndiye nilikuwa yule mmoja. Na hiyo "tu" ndiyo nimekuja kupigana nayo.

Wacha nianze na dhambi yangu, ndio usiseme najifanya mtakatifu. Mwaka jana kuna jamaa anauza mchanganyiko wa mitishamba ya kujifukiza. Akanitafuta, akanipa elfu nane nimtengenezee video. Kodi ya nyumba ilikuwa imefika na landilodi alikuwa ameanza kuniita kwa majina yangu yote matatu. Nikachukua. Nikajifunika shuka juu ya sufuria, nikatoka na jasho na machozi, nikaangalia kamera nikasema: "Sainasi kwaheri, inhela kwaheri." Hayo ya inhela hayakuwa hata kwa makubaliano. Niliyaongeza mwenyewe juu yalikuwa yanasikika poa.

Miezi mitatu baadaye msichana mmoja wa miaka 19 akanitumia ujumbe. Alikuwa na inhela mbili, ya bluu na ya kahawia. Akaona video yangu, akaacha ya kahawia, akawa anajifukiza kila jioni. Huo ujumbe aliuandika akiwa kwa kitanda cha hospitali, mrija wa oksijeni puani. Hakunitusi. Aliuliza kitu kimoja tu: "Wewe mwenyewe uliacha yako?"

Sikuwa nimeacha. Ilikuwa kwa droo, hatua mbili kutoka kwa ile sufuria.

Video nilifuta siku hiyo hiyo. Lakini kufuta hakurudishi kitu. Kwa hivyo leo nalipa deni, na nikilipa kuna watu kadhaa nitawagusa. Mkae chonjo.

Kwanza, tuelewane kuhusu bomba.

Pua yako na mapafu yako si majirani. Ni nyumba moja. Hewa inaingia puani, inapita kooni, inashuka kwa mirija ya kifua, na ngozi laini ya ndani imetandikwa njia nzima kama zulia moja. Kazi ya pua si kushikilia miwani. Pua inapasha hewa joto, inaipa unyevu, inachuja vumbi kabla halijafika chini. Pembeni ya pua kuna sainasi zenyewe, yaani mapango madogo ndani ya mifupa ya uso, jozi nne: mashavuni, kwa paji la uso, katikati ya macho, na nyuma kabisa. Kila pango lina katundu kadogo ka kumwaga kamasi puani.

Sasa leta aleji. Aleji ni mwili wako kukosa adabu. Unavuta kitu ambacho hakina shida na mtu, labda chavua ya nyasi, kinyesi cha wadudu wadogo wa vumbi, au mabaki ya mende, na mwili unaamua huyo ni adui. Umeshatengeneza askari wake wanaoitwa IgE. Askari wanaamsha seli fulani, seli zinamwaga histamini, na mambo yanaharibika: chafya, mwasho, maji puani, na zulia linafura. Zulia likifura, yale matundu ya sainasi yanazibika. Kamasi inakaa ndani haina pa kwenda. Hapo ndipo uso unauma, kichwa kinakuwa kizito, na unasema una sainasi.

Lakini zulia ni moja, unakumbuka? Moto haukai puani kwa heshima ukingoja ruhusa. Pua ikiziba unapumua na mdomo, kwa hivyo kifua kinapokea hewa kavu, baridi, yenye vumbi lote ambalo pua ingelishika. Usiku kamasi inateremka nyuma ya koo, unakohoa. Na juu ya hayo, mwili unasambaza ile vurugu kupitia damu. Mwaka 2001 watafiti wa Uholanzi walichukua watu wenye aleji ya pua lakini bila pumu, wakawawekea kitu kinachowasumbua puani peke yake. Siku iliyofuata walipochukua vipande vidogo kutoka kwa mirija ya kifua, wakakuta seli za uvimbe huko pia. Soma tena. Waligusa pua, kifua kikajibu.

Na hii si siri ya juzi. Mwaka 1999 wataalamu walikutana pamoja na Shirika la Afya Duniani, wakatoa mwongozo unaoitwa ARIA, ambao kazi yake yote ni kusema: aleji ya pua na pumu zinatembea pamoja. Watu wengi sana wenye pumu wana shida ya pua. Na mtu mwenye aleji ya pua yuko kwa hatari zaidi ya kupata pumu kuliko mtu asiye nayo. Ushauri wao ni rahisi hata mtoto anaelewa: ukiwa na pua sugu, kifua chako kiangaliwe. Ukiwa na pumu, pua yako iulizwe. Zaidi ya miaka 20 imepita. Wewe umewahi kuulizwa?

Mimi sikuulizwa. Nilianza kuziba pua nikiwa kidato cha pili. Mwalimu wa michezo aliniona nikihema baada ya raundi moja ya uwanja, akaniita mvivu mbele ya darasa zima. Nyumbani mathe, Mungu ambariki, alikuwa na jibu moja kwa kila kitu kinachoanzia shingoni kwenda juu: "Si nilikuambia uvae sweta?" Nikavaa sweta miaka minne. Pua haikujali.

Kisha nikaingia chuo. Chumba cha hosteli kilikuwa na ukuta mmoja mweusi kwa ukungu, na tulikuwa watu wanne tunapikia humo humo. Muhula wa pili mwaka wa pili sikuwahi kulala usiku mzima. Nikienda kemisti nasema "sainasi", napewa vile vidonge vya rangi mbili vya antibiotiki na Piriton. Naenda darasani nalala kama mtoto mchanga. Wiki inaisha, pua iko vile vile, narudi. Mara ya tatu nikapewa na matone ya kuzibua pua. Hayo matone ni matamu, manze. Dakika tano unapumua kama malaika. Nikayatumia miezi miwili.

Usiku mmoja, wiki ya mtihani, niliamka saa tisa nikajua kitu hakiko sawa. Kifua kilikuwa kinapiga mluzi. Nilitaka kumwita mwenzangu jina lake likakataa kutoka. Nakumbuka nilikuwa nimeketi kwa ukingo wa kitanda, mikono kwa magoti, nikihesabu pumzi kama mtu anahesabu senti za mwisho. Walinibeba. Daktari mmoja mdogo, huenda alikuwa ananizidi miaka michache tu, alinitundikia dawa, akangoja nitulie, halafu swali lake la kwanza likawa: "Na pua yako ikoje?"

Nilitaka kulia. Miaka sita, watu walikuwa wanaangalia kifua bila kuuliza pua, au pua bila kuuliza kifua. Huyu ndiye wa kwanza kuona bomba zima.

Sitakudanganya eti pumu peke yake ndiyo ilinitoa chuo. Karo nayo ilikuwa na maneno yake. Lakini mitihani mitatu nilikosa usiku huo na siku zilizofuata, na sikurudi tena. Kwa hivyo mtu akiniambia "ni sainasi tu", mimi nasikia digrii yangu ikicheka.

Haya, sasa tuanze kutaja. Si majina. Tabia.

Wewe unayeuza antibiotiki kama peremende: acha. Antibiotiki zinaua bakteria. Aleji si bakteria. Hata sainasi inayokuja na homa ya kawaida, mara nyingi ni virusi, na inapona yenyewe. Ikipita siku 10 bila nafuu, au ikipoa halafu irudi kwa nguvu na joto la mwili na maumivu ya uso, hapo mtu aende aonwe na daktari. Lakini kumpa kijana dozi ya tatu mwezi mmoja bila kumuuliza anakohoa usiku au la, huko si kutibu. Ni biashara.

Na yale matone. Dawa za kuzibua pua haraka hazifai kutumiwa zaidi ya siku tano hivi. Ukizidisha, pua inazoea, na ukikosa inaziba kuliko mwanzo. Unanunua ya pili kutibu shida ya ya kwanza. Hakuna aliyeniambia. Ilikuwa imeandikwa kwa karatasi iliyokunjwa mara nane ndani ya kiboksi, herufi za ukubwa wa chungu.

Wewe unayemcheka mtu na inhela kwa matatu: wewe ndio unafanya watu waifiche. Najua watu wanaingia choo cha klabu kuvuta inhela utadhani ni bangi. Kuna wengine wameambiwa ukianza inhela huachi, kwamba ni "ya mwisho", kwamba inazoesha mwili. Uongo. Inhela inapeleka dozi ndogo ya dawa pale pale panapohitajika. Kinachokuzoesha hospitali ni kutoitumia.

Lakini hata sisi wenye inhela tuna kesi. Wengi wetu tuna ya bluu peke yake. Hiyo bluu, salbutamoli, inafungua mirija haraka, na kwa dharura inaokoa maisha. Lakini haizimi ule uvimbe. Ni kama kufungua dirisha nyumba ikiwaka moto. Ya kuzima moto ni ile yenye steroidi, mara nyingi ya kahawia, ambayo hauhisi kitu ukivuta, ndio maana tunaiona haina kazi. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unasema mtu wa miaka 12 kwenda juu asitibiwe na bluu pekee. Anahitaji matibabu yenye steroidi ya kuvuta ndani yake. Na ukimaliza mikebe mitatu au zaidi ya bluu kwa mwaka, ile ya dozi 200, hiyo ni ishara kwamba pumu yako inakupeleka pabaya. Mimi nilikuwa namaliza mmoja kila mwezi na nikijivunia kwamba sijalazwa tena.

Wewe unayesema "ni mijakaranda": pole, nilikuwa nasema hivyo pia. Kila Oktoba jiji likigeuka zambarau tunalaumu mti. Lakini chavua ya mjakaranda inabebwa na wadudu, si upepo. Mkosaji mkubwa zaidi ni kitu hakuna mtu anapiga nacho selfi: nyasi. Nyasi za kando ya barabara zikichanua baada ya mvua, chavua yake inapaa. Na ndani ya nyumba kuna godoro ambalo halijaona jua tangu ulinunue, blanketi, zulia, mende, ukungu, koili ya mbu inayowaka usiku kucha, jiko la makaa dirisha likiwa limefungwa. Nje kuna moshi wa magari na takataka zinazochomwa. Koili na moshi si aleji kamili, lakini zinakwaruza lile zulia ambalo tayari limevimba.

Na wewe, mwenzangu wa kamera. Wewe na mimi ndio wabaya zaidi, juu kemisti angalau anauzia mtu mmoja mmoja. Sisi tunauzia elfu hamsini kwa sekunde 40. Mvuke unaweza kukupa nafuu ya dakika kadhaa, sikatai, shosho zetu hawakuwa wajinga. Lakini mvuke hautibu aleji, hautibu pumu, sufuria ya maji moto inaunguza watu, na mafuta yenye harufu kali yanaweza kumkaza kifua mwenye pumu. Ukitaka kuuza mvuke, uza. Ila siku utakapomwambia mtu aache dawa yake, umeacha kuwa msanii wa video. Umekuwa daktari bila cheti, na mgonjwa wako hata humjui uso.

Najua kuna mtu anasema: "Ni rahisi kuongea, pesa iko wapi?" Swali halali. Inhela ya steroidi si bei ya mandazi, na si kila zahanati inakuwa nayo. Nina hasira na hiyo pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria pumu iliua watu 455,000 mwaka 2019, na vifo vingi vinatokea kwa nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako watu hawatambuliwi mapema na hawapati dawa. Hao ni sisi. Tunapaswa kuuliza kwa nini dawa iliyo kwa orodha ya dawa muhimu duniani inakosekana kwa kaunta karibu na kwetu. Nakubali.

Lakini hebu pia tuwe wakweli. Siku moja nilikaa na kalamu nikaandika kila kitu nilichonunua mwaka ule wa hosteli: antibiotiki, matone, dawa za kikohozi, balmu, mikebe ya bluu, boda za usiku kwenda kutundikiwa dawa. Zingenunua ile ya kahawia mwaka mzima na chenji ibaki. Umaskini ni wa kweli, lakini kuna pesa tunazotupa kwa sababu hakuna mtu alituambia shida ni moja.

Basi cha kufanya. Mimi si daktari, nimefeli hata kumaliza chuo. Haya ni ya kwenda nayo kwa daktari, si ya kukufanya usiende.

Jiulize maswali manne. Pua inanisumbua kwa wiki nyingi mfululizo? Nakohoa usiku au alfajiri? Kifua kinapiga mluzi au kukaza nikikimbia, nikicheka sana, au nikipata vumbi? Kwetu kuna mtu mwenye pumu, aleji au ukurutu? Ukisema ndiyo kwa pua na lolote kati ya yale ya kifua, nenda uangaliwe, na useme yote mawili. Usitaje pua peke yake. Usitaje kifua peke yake.

Uliza kuhusu dawa ya kupuliza puani yenye steroidi. Hiyo ni tofauti na matone ya haraka. Inafanya kazi polepole, siku kadhaa hadi wiki, kwa hivyo usiitupe siku ya pili. Elekeza upande wa sikio, si katikati ya pua, na usivute kwa nguvu kama unanusa ugoro. Kama unahitaji kidonge cha aleji, uliza kile kisicholaza sana, kama setirizini au loratadini, badala ya kusinzia darasani kama mimi. Na ukiwa na pumu na vinyama puani, kisha aspirini au ibuprofeni ikukaze kifua, mwambie daktari mapema. Hiyo ni hali inayojulikana, si bahati mbaya.

Kuosha pua na maji ya chumvi ni rahisi na kunasaidia: nusu kijiko cha chai kwa kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Nimesema yaliyochemshwa. Si ya mfereji moja kwa moja.

Inhela unapiga hewani? Tumia spesa. Huna pesa ya spesa? Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa vizuri inaweza kufanya hiyo kazi kwa watoto wenye pumu. Mwombe muuguzi akuonyeshe. Na ukimaliza ile yenye steroidi, sukutua mdomo.

Toa godoro juani. Fua shuka na maji moto. Futa ukungu. Fungua dirisha ukipika.

Na hii usisahau: mtu akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, au bluu haimsaidii, huyo hahitaji video, wala mvuke, wala maombi peke yake. Anahitaji hospitali, sasa hivi.

Yule msichana alitoka hospitali. Nilikaa siku mbili kabla ya kumjibu, juu nilikuwa natafuta maneno ya kunifanya nionekane mzuri. Sikuyapata. Nikamwandikia: "Hapana, sikuacha yangu. Nilidanganya. Pole sana." Akajibu na neno moja: "Sawa." Sijui kama amenisamehe na sitamuuliza. Ile elfu nane iliisha kwa kodi ya mwezi mmoja.

Sasa wewe. Yule mmoja wa kikundi chenu, mwenye tishu na chafya, mpelekee hii. Leo usiku akisema "ni sainasi tu", usicheke. Muulize na kifua chake kikoje.